Matairi ya Safari Isiyosimama

Shemeji yangu hakuwa amelala usingizi wa kueleweka tangu tumzike kaka yangu, na hiyo ndiyo sababu nilikwenda kununua matairi.

Nieleze kwa mpangilio. Kaka yangu alikuwa mtu wa safari. Pikipiki yake haikuwahi kubeba abiria wa kulipa hata mmoja. Mwisho wa juma ukifika alifunga mkoba nyuma ya kiti akaenda Ntimaru, au Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe, au Muhuru kando ya ziwa, bila shughuli yoyote ya kumpeleka huko. Alikunywa chai, akaangalia watu, akarudi na vumbi kwenye nyusi. Mara nyingine nilimfuata kwa pikipiki yangu. Siku aliyokufa sikumfuata.

Alikuwa akitoka Muhuru kurudi kwake, upande wa Homa Bay. Karibu na Macalder aliacha barabara kubwa akaingia njia ya mkato inayopita kati ya mashimo ya dhahabu. Wachimbaji walimkuta asubuhi. Niliwahoji baadaye, mmoja mmoja, na maelezo yao hayakutofautiana. Pikipiki ilikuwa wima kwenye standi yake, ufunguo mahali pake. Tairi la mbele lilikuwa limeisha upepo kabisa, na pampu ya mkono ilikuwa bado imeunganishwa kwenye valvu. Yeye alikuwa amelala kando ya njia, shavu juu ya kiganja, kama mtu aliyejipumzisha. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa na kupangwa sambamba. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Kuhusu viatu hakuna aliyeandika kitu.

Kwetu, mtu akifia njiani haachwi hapo. Ndugu huenda mahali penyewe, humwambia kwamba wamekuja, na humweleza wanampeleka wapi. Wasipofanya hivyo, wanazika mwili tu, na mwenyewe anabaki alipokomea. Sisi tulisahau. Sisi wa Migori tulidhani wa Homa Bay wamekwenda, na wa Homa Bay walidhani sisi, tuliokuwa karibu, tumekwisha kumaliza. Pikipiki nayo ilipoachiliwa na polisi niliiweka uani kwangu Migori, chini ya turubai, nikasema nitaipeleka siku moja.

Halafu shemeji akaanza kuota. Ndoto ilikuwa ileile. Alimwona mumewe amechuchumaa gizani, anapampu tairi, tairi halijai. Hakulalamika. Alimwomba tu amshikie tochi. Shemeji aliamka mikono ikiwa imekufa ganzi kama mtu aliyeinyoosha kwa muda mrefu. Alikonda. Alisinzia akikoroga ugali, mkono ukaungua. Hayo yote tuliyavumilia, mpaka alipoanza kusema, kwa utulivu kabisa, kwamba ataenda huko Macalder amsaidie. Hakusema ataenda kuona mahali. Alisema ataenda kumsaidia, na akawa ameanza kugawa vyombo vyake kwa majirani.

Shangazi yetu ndiye aliyeita kikao. Sisi humwita Waya, yaani dada wa baba kwa Kijaluo, naye huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Homa Bay na hana subira na mtu yeyote. Aliniketisha sebuleni kwa shemeji akaniambia nitakachofanya. Nitaipeleka pikipiki yake mwenyewe mahali alipofia. Nitamwambia apande. Kisha nitaendesha mpaka kaburini bila kusimama, bila kuteremsha mguu, bila kugeuka nyuma na bila kusema neno. Ifanyike mchana, kwa sababu yeye hakuwa mwizi.

Nilimuuliza kwa nini nisisimame hata mara moja.

"Gari la maiti likizima njiani, si mnashuka mnamwomba mwenyewe awaruhusu?" alisema. "Ukisimama, anashuka. Akishuka hapo Ndhiwa, utarudi kumchukua na nini? Na punda?"

Shemeji alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliuliza swali moja tu, na hakumuuliza Waya bali mimi. "Na ukipata pancha?"

Hapo ndipo suala la matairi lilipoanza.

Watu wanaosafiri kwa pikipiki hubishana sana kuhusu matairi, na ninajua kwa nini. Tairi ni makubaliano. Ukipata mshiko kwenye tope, unapoteza utulivu kwenye lami. Ukitaka ganda gumu lisilotobolewa na mawe, unakubali kutikiswa. Kwa kawaida makosa yako unayarekebisha njiani: unapunguza upepo ukifika kwenye tope, unaongeza ukirudi lamini. Mimi sikuwa na nafasi hiyo. Nililala nikiipima njia kichwani. Kwanza ni mawe meupe ya machimbo, yanayovunjwa na kumwagwa njiani, yenye ncha kama vigae vya chupa. Ndiyo yaliyomtobolea kaka yangu tairi. Kisha changarawe mpaka Sori, ziwani. Kisha lami, Ndhiwa mpaka Rodi Kopany. Mwisho ni udongo mweusi wa kuelekea nyumbani, ambao ukinyeshewa hujikunja kwenye gurudumu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Barabara za aina nne, na upepo wa kipimo kimoja tu, utakaowekwa asubuhi na kubaki huo mpaka mwisho. Rimu zake ni za spoksi, kwa hiyo lazima tyubu ndani, na tyubu ikibanwa kati ya rimu na jiwe hupasuka papo hapo.

Niliitoa pikipiki chini ya turubai nikaibeba kwa pikapu mpaka duka la vipuri mjini Migori. Matairi ya zamani yalikuwa yamepasuka-pasuka ubavuni, la nyuma lilikuwa kipara. Nilikuwa nimekwisha kuamua: tairi la mbele la meno ya wastani, la nyuma la kuelekea lami zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni lami. Mwenye duka, mtu aliyehamia kutoka Isiolo na anayezungumza polepole kama anayepima kitambaa, hakunisikiliza. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akaligusa tangi.

"Hii pikipiki naijua," alisema. "Mzee wako mbona amekawia? Mwambie tairi zake bado ziko."

Aliingia nyuma ya duka akatoka na matairi mawili yaliyofungwa gunia. Alisema kaka yangu aliyachagua mwenyewe, akayakataa mengine yote, akaomba awekewe kwa sababu atayapitia akitoka Muhuru.

Sikumwambia kwamba amekufa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la karibu ni kwamba mtu yule alikuwa akimzungumzia kwa namna iliyonifurahisha kuisikia. Niliuliza tu alionekanaje siku ile. Alionekana ana haraka, alisema mwenye duka, na alicheka sana.

Niliyakagua matairi kama ninavyokagua ya mtu mwingine yeyote. Tarakimu ubavuni zilionyesha hayakuwa mapya sana, lakini yaliwekwa gizani, mbali na jua. Nilibonyeza ukucha kwenye mpira, ukazama kidogo na kurudi. Nililikunja ganda, likanisukuma. La mbele lilikuwa kama nilivyotaka. La nyuma lilikuwa na meno makubwa kuliko ambavyo ningethubutu kuchagua kwa lami, na ubavu mgumu isivyo kawaida. Nilimuuliza mwenye duka kama kaka yangu alieleza sababu.

"Alisema ya nyuma lazima iweze kubeba."

"Kubeba nini? Yeye hubeba mkoba tu."

"Mimi nauza tu, ndugu yangu."

Niliyachukua. Fundi aliyafunga pamoja na tyubu nene mpya. Nywele zile ndogo za mpira ambazo tairi jipya hutoka nazo kiwandani zilikuwa bado zimesimama kotekote.

Upepo niliuweka mwenyewe, asubuhi ya safari. Waya alikuwa amenionya nisiweke upepo wa mtu mmoja. "Wewe unaenda kuchukua mtu," alisema. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimeona mawingu juu ya bonde la Lambwe, na nilijua nini hufanyika udongo mweusi ukikutana na tairi lililojazwa sana. Nilisoma kibandiko cha kiwandani kilichoko chini ya kiti, chenye kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha wawili, nikaweka cha mtu mmoja. Nilipima mara ya pili kuhakikisha. Nyuma ya kiti nilifunga koti la mvua la kaka yangu, kwa maagizo ya Waya, mikono ya koti ikielekea mbele.

Mahali penyewe palikuwa kimya kuliko nilivyotegemea. Kwa kawaida upande ule wa Macalder kuna mlio wa mashine za kusaga mawe tangu alfajiri. Siku hiyo mashine zilikuwa zimezimwa, na wachimbaji waliokuwa wakichekecha mchanga kwenye dimbwi waliacha kazi wakasimama. Mmoja alinionyesha kwa kidole. Nyasi zilikuwa zimeota pande zote za njia, ila pale alipolala hazikuwa zimeota. Haikuwa sehemu kubwa. Ilikuwa ya urefu wa mtu.

Niliiacha injini ikiunguruma, nikasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida, "Kaka, tairi limepona. Panda twende nyumbani."

Nilisubiri. Sikujua ninasubiri nini. Kisha nyuma ya pikipiki ikashuka.

Mtu yeyote aliyewahi kubeba mtu anakijua kitu ninachokisema. Springi za nyuma hukaa chini, usukani unakuwa mwepesi, taa ya mbele inainuka kidogo. Niliwatazama wachimbaji, kwa kuwa walikuwa mbele yangu. Hakuna aliyenitazama mimi. Nilitia gia nikaondoka.

Mawe yalianza mara moja. Nilisimama juu ya vikanyagio ili kuupunguzia mzigo mgongo wa pikipiki, lakini mzigo haukupungua. Kila nilipopita juu ya jiwe nilisikia rimu ya nyuma ikikaribia kugonga, na nilifanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya: upepo wa mtu mmoja, uzito wa watu wawili, tyubu katikati. Kwenye bonde dogo la kijito rimu iligonga kweli. Niliusikia mgongano wa chuma na jiwe, wazi kabisa, na mara baada yake nikaanza kusikia mvumo mwembamba.

Sss. Ulitoka nyuma, upande wa kulia, usawa wa sikio langu zaidi kuliko usawa wa gurudumu. Ulikatika, ukarudi.

Kulikuwa na maelezo mawili. La kwanza, tyubu imetobolewa na upepo unatoka polepole, na nina dakika chache kabla ya kuishia pale kaka yangu alipoishia. La pili ni kwamba kaka yangu, tangu tulipokuwa watoto, alikuwa na tabia ya kuvuta hewa kwa meno kila alipopita mahali pabaya. Mama alimgombeza kwa hilo. Nilitafuta la tatu mpaka Sori, sikulipata.

Ningeweza kugeuza shingo tu nikaangalia tairi. Hilo lilikuwa gumu kuliko barabara.

Kabla tu ya lami kulikuwa na kizuizi cha polisi: magogo mawili na ubao wa misumari uliolazwa njiani, ukiacha pengo la upana wa gari moja. Askari aliinua mkono. Mbele yangu matatu ilikuwa ikiondoka, na nilipunguza mwendo mpaka mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, miguu juu ya vikanyagio, nikiomba pengo lifunguke. Ukiendesha taratibu hivyo, abiria akitikisika unaanguka. Hakutikisika. Alikaa kama alivyokuwa akikaa nyuma yangu tulipokuwa vijana, akiegemea ninapoegemea.

Askari alinitazama, akatazama nyuma yangu, akakunja uso.

"Na huyo mzee wako, helmeti yake iko wapi?"

Sikuweza kumjibu. Nilipita kati ya magogo, misumari ikiwa karibu na ubavu wa tairi kiasi kwamba ningeweza kuihesabu. Nilisikia akipiga filimbi, kisha akaiacha katikati. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani. Sijui nani alimwambia afanye hivyo. Baadaye nilijiambia kwamba aliona koti. Koti la mvua likijaa upepo huwa na mabega. Bado najiambia hivyo.

Kwenye kioo hichohicho sikuangalia tena. Nilikipinda kikatazama chini.

Lami ilikuwa ndefu. Meno ya nyuma yalivuma kama nilivyojua yatavuma, mvumo mzito unaopanda miguuni, na chini ya mvumo huo ule mwingine mwembamba ukanyamaza. Ndhiwa watu walikuwa wengi, na nilipita polepole katikati ya soko bila mguu kugusa ardhi. Wanaoniuzia maembe kila nikipita hawakuniita. Mbwa mmoja alinikimbilia kama mbwa wote wanavyozikimbilia pikipiki, akafika ubavuni, akaketi.

Mvua ilinikuta baada ya Rodi Kopany. Nilipoacha lami na kuingia njia ya nyumbani udongo ulikuwa umekwisha kulowa. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akichagua kaka yangu. Tairi la lami nililolitaka lingeteleza kwenye mteremko wa kwanza. Hili lilizama, likauma, likautupa udongo kando, likauma tena. Mbele iliyumba kwa sababu usukani ulikuwa mwepesi, na mara mbili nilihisi tunakwenda chini. Mara mbili uzito ule nyuma ulihamia upande wa pili kabla mimi sijahama, ukatunyoosha. Alikuwa akiniendeshea. Nilikasirika, kama nilivyokuwa nikikasirika alipokuwa hai.

Watu walikuwa wamesimama langoni wakinyeshewa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Nilipita kati yao nikazunguka nyumba mpaka kaburini, nikasimama, nikateremsha mguu. Nyuma ya pikipiki ikainuka.

Waya aliongea na kaburi muda mfupi, kwa lugha ya kawaida ya kumkaribisha mtu aliyechelewa, na kumsema kidogo. Mimi nilichukua kipima upepo mkobani kabla ya kuvua helmeti. Nilipima la mbele, nikapima la nyuma. Upepo ulikuwa kamili, umeongezeka kidogo kama inavyotarajiwa tairi likipata joto. Nilipima tena. Hakukuwa na tundu lolote. Kwa hiyo kilichokuwa kikivuma sikioni mwangu kutoka kijitoni mpaka karibu na Sori hakikuwa tairi.

Shemeji hakuwa ameenda kaburini. Alikuja moja kwa moja kwenye pikipiki. Aliweka kiganja juu ya kiti cha nyuma, chini ya koti, akakiacha hapo. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Aliponigusa mkono baadaye kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye joto.

"Shemeji," aliniambia, "toa magurudumu."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Nilimweleza kwamba matairi ni mapya, kwamba pikipiki sasa ni nzima na mtu anaweza kuinunua, na kwamba ikibaki bila magurudumu itaoza. Waya aliungana nami. Alisema matairi mazuri hivyo hayatupwi, yeye anajua mtu sokoni.

"Mmemleta," shemeji alisema. "Mnamjua. Jumamosi ikifika nani atamzuia?"

Waya alinigeukia akaniambia nilete spana.

Nilileta spana. Tuliinua pikipiki tukaiweka juu ya mawe chini ya paa la jiko, nikafungua gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Zile nywele za mpira za tairi la nyuma zilikuwa zimeliwa zote, katikati mpaka kwenye bega la tairi, ambako mpira haugusi ardhi mpaka mzigo uwe mkubwa. Nililigeuza gurudumu ili upande ule uelekee ukutani.

Nilitaka kumbebea shemeji, akakataa. Aliyaviringisha mwenyewe, moja baada ya jingine, kuvuka ua uliojaa tope, kwa mikono miwili na kwa upole, mpaka ndani ya nyumba yake. Alama za meno zilibaki uani, zikiingia mlangoni, hakuna za kutoka. Akafunga mlango, tukasikia kitasa.

Tulisubiri atoke ale na wageni. Chakula kikapoa. Mwishowe Waya alipanda kibarazani akaweka sikio kwenye mbao. Alipogeuka alikuwa ameshika midomo yake kwa vidole.

"Anakoroma," alisema. "Huyu hajawahi kukoroma tangu aolewe hapa."

Jirani mmoja alikuwa akija na sufuria aliyokuwa amepewa na shemeji, amekuja kuirudisha. Waya alimfukuza kwa mkono, bila sauti. Kisha akavua viatu vyake, akaketi kwenye ngazi akiupa mlango mgongo, na kuniambia nitafute njia yangu ya kurudi Migori, niende kwa mguu mpaka lamini, na huko langoni nisifunge lango kwa kishindo.